Kutoka Cherehani Hadi Kwenye Simu: Mwongozo Kamili wa Kuipa Midoli Yako Katuni na Gemu

Jumamosi moja pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mtoto wa kike wa kama miaka sita alisimama mbele ya meza yetu, akaniamkia, akamchukua mdoli mmoja wa manyoya wa kipunji, yule tumbili wa misitu ya Rungwe. Akamgeuza, akamvuta mkia, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko watu wazima wanaouliza bei. Kisha akasema, "Mama, huyu kwao anafanyaga nini?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu kingine. Nilijua kitambaa kimetoka kwenye belo gani, mshono umepita mara ngapi, mkia umekula pamba kiasi gani. Anachofanya kwao sikukijua, maana sikuwahi kumfikiria akiwa kwao. Mtoto alimrudisha mezani taratibu, mama yake akamshika mkono wakaenda kununua viatu.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Nauandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe, Mafinga na Iringa ambao tayari wanashona midoli ya manyoya, wana wateja wanaorudi kununua wa pili na wa tatu, na sasa wanatamani wahusika wao waonekane kwenye katuni na gemu ya simu. Inawezekana, na haihitaji mtaji wa kiwanda. Ila ina mpangilio wake, na ukiuvuruga utalipa mara mbili kama nilivyolipa mimi.

Wakubwa wa dunia hawakupita njia moja. Angry Birds ya Rovio, kampuni ya Finland, ilianza kama gemu mwaka 2009. Midoli ikafuata, filamu ya sinema ikaja 2016. Webkinz ya kampuni ya Ganz, kule Kanada, ilianza 2005 na mdoli wenye namba ya siri kwenye lebo: mtoto akiiingiza kwenye kompyuta, mnyama wake anatokea hai ndani ya nyumba yake. Labubu naye alichorwa na msanii Kasing Lung kwenye vitabu vya picha mwaka 2015, miaka minne kabla ya mkataba wa 2019 na Pop Mart, kampuni ya midoli ya China, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikatoa gemu ya simu huko China. Mimi naifuata zaidi njia ya Labubu: hadithi iwepo kabla biashara haijawa kubwa. Mdoli ndiye shina, na kila kinachoonekana kwenye skrini lazima mtoto akitambue kuwa ni yuleyule anayelala naye.

Hatua ya kwanza: mpe mhusika kwao

Usishone paka wa mtu mwingine. Sokoni utaona midoli ya wahusika maarufu wa Marekani na Japani imeshonwa kienyeji, na inauzika. Lakini siku ukitaka kuitengenezea katuni umekwama, kwa sababu mhusika si wako. Na huku kwetu tuna utajiri ambao haujaguswa.

Mchukue kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani, wataalamu wakamwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003 kwenye misitu ya Mlima Rungwe, jina lake la kisayansi likatangazwa 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Ana manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama kichwani na mkia ambao mwisho wake ni mweupe. Fundi wa manyoya akisoma maelezo hayo, mikono inamwasha.

Au mchukue chura wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya dhahabu wa milima ya Udzungwa. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa porini kwao. Humo ndani mna hofu, safari na kurudi. Hadithi imekuja yenyewe, kazi yako ni kuisikiliza.

Andika ukurasa mmoja kwa kila mhusika. Analala wapi? Anaogopa nini? Akifurahi anafanyaje? Kitu gani hatakifanya hata iweje? Kipunji wetu anaogopa radi na husalimia "Ugonile" kila anayepita chini ya mti wake, hata kama ni jongoo. Chura wetu hatoki nyumbani bila chupa ya manyunyu mgongoni. Hiyo chupa tuliishona kwa sababu ya hadithi, na ndiyo imekuja kubeba gemu nzima.

Anza na wahusika watatu, wasizidi watano. Wanaokusanya midoli wanapenda mfululizo wenye mwisho unaoonekana: namba 1 hadi 5 kwenye lebo, jina, na mahali mhusika anapotoka. Mtoto mwenye namba 1 na 3 ataitafuta namba 2 bila kusukumwa.

Hatua ya pili: shona mdoli unaochorika

Usiku, weka mdoli mbele ya taa kivuli chake kipige ukutani. Mwite mtu aliyewahi kuuona, atazame kivuli peke yake. Asipoutambua, rudi kwenye patani. Alama ya gemu kwenye simu ni ndogo kama kucha ya dole gumba, na kwenye udogo huo rangi na manyoya vinapotea, linabaki umbo. Kipunji wetu wa kwanza kivuli chake kilifanana na dubu. Tulikirefusha kishungi kwa sentimita 2 tukaupinda mkia, akawa yeye.

Pili ni kitambaa. Blanketi la flisi la mtumba ni zuri na bei yake ni nafuu, lakini rangi ile hutaipata tena. Kwa midoli ya kuuza mmojammoja sawa. Kwa mfululizo wenye katuni haifai, kwa sababu mtoto atakuambia "huyu siye". Tafuta kitambaa cha rola ambacho duka linakiagiza mara kwa mara. Kipande chake kibandike kwenye daftari, andika duka na tarehe, kisha kipige picha mchana kikiwa juu ya karatasi nyeupe ili mchoraji wa katuni apate rangi ileile.

Kwenye kukata, chora mshale kwenye kila kipande cha patani kuonyesha manyoya yanakolala. Kata upande wa nyuma kwa ncha ya mkasi, ukipasua kitambaa tu bila kukata nywele. Ukishamaliza kushona, chukua sindano nene upite juu ya mshono ukichomoa manyoya yaliyonaswa ndani. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayofanya mshono upotee, na kamera ya simu haisamehe mshono unaoonekana.

Usalama usiufanyie mzaha. Kwa watoto wa chini ya miaka 3, macho yadariziwe, yasiwe vifungo wala shanga. Kwa wakubwa, ukitumia macho ya plastiki ya kufunga kwa nyuma, yajaribu. Kiwango cha Ulaya cha EN 71 kinavuta kiungo cha zaidi ya milimita 6 kwa nguvu ya nyutoni 90, yaani kama uzito wa kilo 9. Si kipimo cha maabara, ila sisi tunalibana jicho kwa kibanio, tunaning'iniza ndoo yenye lita 9 za maji, tunaiacha kwa sekunde kumi. Jicho likitoka, midoli yote ya siku ile inarudi mezani. Na sindano ikivunjika, kazi inasimama mpaka vipande vyote vionekane. Nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe utaratibu wa kuwafikia TBS, shirika la viwango. Kwa mjasiriamali mdogo huo ndio mlango rahisi.

Hatua ya tatu: sajili kabla hujaonyesha

Hapa nitakuwa mfupi, lakini usiipite. Jina na sura ya mfululizo wako visajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, kwa njia ya mtandao. Bidhaa hupangwa kwa madaraja: midoli ni daraja la 28, programu na gemu za simu daraja la 9, katuni na burudani daraja la 41. Kila daraja lina malipo yake, kwa hiyo kama fedha ni ndogo anza na 28, ongeza mengine kabla ya kutoa katuni. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baadaye unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana msajili wao, usidhani wa Bara unavuka maji. Michoro, hadithi na wimbo uvipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Na kila anayegusa kazi, mchoraji, mwenye sauti, anayeandika programu, asaini karatasi inayosema kazi imelipiwa na haki zake ni za mwenye mhusika. Hata akiwa mdogo wako wa damu. Msaini mkiwa bado mnacheka pamoja.

Hatua ya nne: katuni ya sekunde 30 kwa midoli yenyewe

Watu wengi wakisikia katuni wanafikiria kompyuta kubwa. Nawashauri waanze na kile walicho nacho tayari: mdoli, meza na simu. Unaupiga mdoli picha, unausogeza kidogo, unapiga tena. Programu ya Stop Motion Studio inaingia kwenye simu na inakuonyesha kivuli cha picha iliyopita ili ujue umesogeza kiasi gani. Kwa picha 12 kila sekunde, sekunde 30 ni picha 360. Watu wawili waliozoea wanamaliza kwa siku tatu. Na faida yake haina mfano: anayeonekana kwenye skrini anafanana na mdoli unaouzwa, uzi kwa uzi.

Mdoli wa kuigiza si wa kuuza. Ndani yake weka mifupa ya waya. Waya wa kufungia nondo utakuponza, unachoka na kukatika ukiupinda mara nyingi, tena ncha yake inatoboa kitambaa. Tumia waya wa alumini wa milimita 2, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, ncha zizungushiwe plasta. Kwenye nyayo ingiza nati kubwa, ili uweze kuukaza mguu mezani kwa skrubu kutoka chini.

Tatizo kubwa la manyoya ni vidole vyako. Kila unapoushika mdoli, nywele zinalala upande mpya, na ukiziangalia picha zote kwa mfululizo manyoya yanatambaa kama yana siafu. Kwa hiyo ushike kwa nyuma, pale ambapo kamera haioni, na kabla ya kila picha pitisha mswaki mkavu kwa mwelekeo mmoja. Mimi nilipuuza jambo hili kwenye katuni ya kwanza. Nikaitazama, nikaifuta, nikaanza upya.

Mwanga nao. Sisi wa nyanda za juu tunajua wingu la Rungwe lisivyo na ratiba. Ukipigia picha dirishani, jua litatoka na kuingia mara ishirini, na katuni itawakawaka. Piga usiku. Ziba dirisha kwa blanketi zito, weka balbu mbili, moja mbele kwa pembeni na nyingine nyuma ili kingo za manyoya zing'ae. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe linarusha mwanga kwenye mdoli kila ukiinama. Kwenye kamera funga mwanga na umakini wa lenzi visijibadilishe vyenyewe, na simu iweke kwenye hali ya ndegeni. Shemeji aliwahi kupiga kuulizia habari za nyumbani tukiwa picha ya 212, simu ikatetemeka, ikasogea milimita chache, na eneo lote likaharibika. Umeme nao ukikatika unahitaji kurudi palepale, kwa hiyo zungushia chaki miguu ya kishikilia simu na miguu ya meza.

Kusogeza kuna kanuni yake. Kitu hakianzi kukimbia ghafla. Picha ya kwanza sogeza milimita 3, ya pili 7, ya tatu sentimita 1 na nusu, uende na hiyo, na ukikaribia kusimama upunguze vilevile. Kupepesa macho ni picha tatu. Na usiogope kumwacha mhusika ametulia: picha sita bila kusogea ni nusu sekunde, na hiyo nusu sekunde ndipo mtazamaji anapomwona akiwaza. Kipunji wetu akisikia radi anatulia picha nane kabla ya kuruka. Watoto wanaanza kucheka kwenye utulivu ule, kabla hajaruka.

Mandhari ya Kitulo tuliyachora kwenye shuka, maua na ukungu wake. Kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayoota juu ya mawe, na majani halisi yanavutia, lakini chini ya balbu yanasinyaa ndani ya saa mbili, na utayaona yakinywea kwenye katuni. Sponji iliyokatwakatwa na kutiwa rangi ya kijani haisinyai.

Sauti irekodi kabla ya kupiga picha, ili mwendo ufuate maneno. Ingia chini ya blanketi na simu yako, utapata sauti safi kuliko sebuleni. Mtumie mtoto wa kweli, mzazi wake akiwepo na akiwa amesaini. Usimsahihishe lafudhi. Mtoto wa Tukuyu akiongea Kiswahili chake, au wa Iringa akitupia "kamwene", hapo ndipo mhusika anapata kwao. Muziki pigeni wenyewe, hata kama ni gitaa moja na mluzi. Wimbo wa msanii anayevuma utaiondoa katuni yako mtandaoni na huna la kujitetea.

Ukimaliza, toa nakala mbili: moja safi ya YouTube, nyingine iliyobanwa isizidi MB 8 kwa ajili ya WhatsApp, kwa sababu huko ndiko katuni za mtaani zinakotembea. YouTube itakuuliza kama video ni ya watoto. Jibu ukweli. Tangu 2020 video za watoto hazina maoni wala matangazo yanayomfuatilia mtazamaji, kwa hiyo usijenge hesabu zako juu ya fedha za YouTube. Katuni kazi yake ni kujibu swali la yule mtoto. Mauzo yatatoka mezani.

Baadaye ukitaka kuchora kwa kompyuta, programu za Krita na OpenToonz ni za bure, na Blender pia. Filamu ya Flow ya Latvia ilitengenezwa kwa Blender ikachukua Oscar mwaka 2025.

Hatua ya tano: gemu yenye tendo moja

Katuni tatu zikishatazamwa na watoto wakawa wanataja majina ya wahusika bila kuulizwa, ndipo uingie kwenye gemu. Si kabla.

Chagua tendo moja linalotoka kwenye maisha ya mhusika. Chura wetu lazima ngozi yake iwe na unyevu: anaruka kutoka jiwe hadi jiwe, manyunyu yanapita, jua linatoka, na chupa mgongoni inapungua. Kidole kimoja, raundi ya sekunde 60, basi. Ijaribu kwanza mezani kwa karatasi na vifuniko vya soda. Mtoto wa miaka saba akicheza na vifuniko akaomba kurudia, una gemu. Asipoomba, programu haitaiokoa.

Kwa kuiandika gemu, nawashauri Godot, programu ya kompyuta ya kutengenezea gemu. Haina ada wala mgao wa mapato, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi na inatoa gemu ya Android moja kwa moja. Vijana wa kompyuta wanaomaliza MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, wanaiweza au wataiweza ndani ya wiki chache. Michoro usiianze upya: mpige picha mdoli wa kuigiza mbele ya kitambaa cha kijani, umweke katika mikao minane ya kuruka, ondoa kijani, zipange zote kwenye picha moja ya pikseli 1024 kwa 1024. Picha za katuni na za gemu zinatoka kwenye mwili mmoja, na gharama inapungua sana.

Ukubwa usizidi MB 40. Mzazi anayenunua bando la siku hatatumia MB 200 kwa chura. Icheze bila intaneti, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote katika ukoo, ile ya shangazi yenye kioo kilichopasuka, siyo kwenye simu ya kijana aliyeiandika. Ijaribu pia nje saa saba mchana, maana rangi zinazopendeza chumbani zinafifia juani. Maelekezo yawe ya sauti, kwa sababu wachezaji wako wengi hawajajua kusoma.

Siku ya majaribio, mkabidhi mtoto simu, kisha nyamaza. Hili ni gumu kuliko kushona. Utatamani kumwambia "bonyeza hapa", nawe usiseme. Andika kila anapokwama na kila anapomtazama mama yake kuomba msaada. Kwenye gemu yetu watoto wanne kati ya watano waligusa chupa badala ya jiwe. Hatukuwaelekeza; tulifanya kugusa chupa nako kuwe na kazi.

Kisha akaunti, na hapa naomba unisikilize. Akaunti ya Google Play inalipiwa dola 25 mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, iache kwanza. Ya Google Play ifungue kwa jina lako au la biashara yako, barua pepe yako, simu yako. Kijana aliyetuandikia gemu ya kwanza, kijana mwema na mchapakazi, aliiweka kwenye akaunti yake kwa sababu ilikuwa tayari ipo. Akapata kazi mjini, namba ikabadilika, akaunti ikafungwa, gemu ikaondoka nayo. Wateja waliokuwa na lebo za kufungulia gemu mkononi walikuja mezani kuuliza, na sikuwa na la kuwapa. Sasa nenosiri, funguo za kusainia programu na faili zote za kazi ziko kwenye flashi mbili, moja nyumbani kwangu na nyingine kwa dada.

Akaunti mpya ya mtu binafsi inadaiwa pia wajaribu wasiopungua 12, walioingia kwenye jaribio kwa siku 14 mfululizo, kabla gemu haijaruhusiwa kwa umma. Andikisha 20, maana wapo watakaojitoa katikati. Wazazi waliokwisha kununua midoli ndio wajaribu bora.

Hatua ya sita: lebo inayofungua mlango

Hapa ndipo mdoli na simu vinashikana. Kila mdoli uwe na lebo yenye namba ya tarakimu 8, imefunikwa kwa utando wa kukwangua kama vocha za simu za zamani. Namba ikiingizwa kwenye gemu, mhusika huyo anafunguka.

Huhitaji seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuhakiki namba. Tengeneza namba 2,000 za kubahatisha, zigeuze kuwa heshi, yaani alama zilizofumbwa ili namba zenyewe zisisomeke, orodha yake iingie ndani ya gemu. Haifiki hata MB 1, na inafanya kazi bila intaneti. Namba zinazowezekana kwa tarakimu 8 ni milioni 100, kwa hiyo anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 50,000. Ziandike kwa mafungu mawili ya nne, kwa herufi kubwa za kutosha bibi kusoma. Na mtoto akimpa jirani namba yake? Mwache. Jirani ataona chura anaruka, kesho yake atamleta mama yake mezani.

Gemu yenyewe ichezeke hata bila lebo. Mtoto asiye na mdoli apate mhusika mmoja bure. Kumfungia mlango mtoto wa jirani si biashara ninayotaka.

Kwa sababu hiyohiyo sishauri boksi la siri, ambamo mnunuzi hajui amepata yupi mpaka afungue. Limewatajirisha wengine, najua. Lakini mzazi wa Uyole aliyejibana kununua kipunji apewe kipunji. Ndani ya gemu pia usiweke kreti za bahati za kulipia. Ubelgiji ilizihesabu kuwa kamari mwaka 2018, na mtoto hana pochi. Wala usikusanye jina, namba ya simu, picha au mahali alipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na njia nyepesi ya kuitii ni kutokuwa na taarifa yoyote ya mtoto.

Hatua ya saba: kuzindua

Panga miezi kurudi nyuma kuanzia Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Watu wa mikoa yote ya nyanda za juu wanapita pale na watoto wao. Gemu iwe imekamilika Mei, wajaribu waanze Juni, lebo zichapwe na kukaguliwa Julai. Chukua lebo 50 bila kuchagua, uzikwangue na kuziingiza mwenyewe; mashine ya kuchapa ikikosea safu moja, namba zote zinazofuata ni batili.

Mezani weka runinga ndogo inayorudia katuni bila kukoma, sauti ya wastani ili majirani wa banda wasikuchukie. Weka simu mbili za kuchezea, zifungwe kwa kamba kwenye meza, na betri za akiba mbili. Midoli isiwe kwenye nailoni, waiguse. Na awepo mtu wa kusimulia, siyo wa kutaja bei tu. Mtoto akimnyanyua chura na kuuliza kwao anafanya nini, msimuliaji amwonyeshe jiwe lake la kwanza kwenye simu, kisha amwachie kidole.